Majivu Yaliyochelewa

Saa tatu kasorobo asubuhi, Marlys Haugen alimwaga siki juu ya barafu iliyokuwa katikati ya njia ya gari mbele ya nyumba yake ili iyeyuke, kisha akarudi jikoni kuitazama chupa. Ilikuwa imejaa tena, kifuniko kimekazwa. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Maji ya achari yalirudi mtungini. Spiriti aliyoichanganya na sabuni ya vyombo ilijitenga, kila kimoja kikarejea chupani mwake. Mchanga wa choo cha paka ulirudi nao, na paka akautumia.

Kwingine kote njia ilikuwa kavu. Kilichobaki ni kipande kimoja chenye kichwa, mabega, nyonga iliyopinda, na mkono ulionyooshwa kuelekea mlangoni.

"Jaribu maji ya bitiruti," alisema mumewe, Orville, bila kuinua macho kutoka kwenye yai lake. "Jirani anayasifia sana."

"Nilijaribu jana. Yako kwenye friji."

"Basi achana nayo. Barafu ni barafu tu."

"Delphine anarudi kazini leo, mzee. Saa nne atakuwa hapo nje."

Orville akaacha kutafuna.

Delphine Roy ndiye aliyekuwa akiwaletea barua. Januari ya mwaka uliopita aliteleza pale pale, akavunjika nyonga, akalala kifudifudi akiita. Marlys alimsikia. Lakini kabla ya kupiga simu ya ambulansi alichukua ndoo ya majivu ya jiko la kuni, ambayo huzuia watu kuteleza, akayanyunyiza haraka haraka kumzunguka, ionekane yalikuwepo tangu alfajiri. Watu wa bima wakayapiga picha, wakaandika kwamba njia ilitunzwa vizuri, na kwamba mleta barua hakutazama anapokanyaga. Tangu hapo Marlys hakupata usingizi wa maana. Aliona aibu, na aliogopa, na woga uliizidi aibu.

Saa nne kasoro dakika tano alitoka na ndoo ile ile. Majivu ndiyo pekee aliyokuwa hajathubutu kuyajaribu. Aliyamwaga katikati ya mgongo. Yalijisogeza taratibu kutoka kichwani hadi miguuni, yakatulia kando pande zote, kama mwaka jana. Alipochukua ufagio, hayakufagilika.

Delphine alifika na fimbo.

"Habari za siku nyingi, Bi Marlys."

"Nzuri, mwanangu. Baridi tu."

Delphine aliinama kidogo akatazama. "Huyu ni mimi."

"Ndiyo."

"Majivu yamenizunguka. Chini yangu hakuna hata chembe."

Marlys aligeuka kuitazama nyumba. Dirishani Orville alikuwa amesimama na leso yake ya mezani shingoni.

"Karibu kahawa," alisema Marlys.

"Sinywi nikiwa kazini." Delphine alimkabidhi barua, akalizunguka umbo lile polepole, akaenda zake.

Mwezi wa sita nyasi zilikuwa zimefika magotini na barafu bado ipo. Orville alikwishazoea kuikwepa na gari. Kila siku saa nne Delphine huizunguka akichechemea, naye Marlys humsubiri mlangoni akiwa ameyapanga maneno yote tangu alfajiri, kuanzia ndoo hadi picha.

"Karibu kahawa," humwambia.