Kengele ya Borghild

Gari la wagonjwa lilimshusha bibi Borghild kwenye nyumba ya wazee bila taarifa. Torunn, muuguzi msaidizi, alipomgeuza aliona ngozi iliyokauka, na juu ya makalio wekundu umeanza. Akampaka mafuta, akamlaza ubavu, akamletea juisi. Bibi akafumba mdomo.

"Usipokunywa, bibi, hapa patachubuka pawe kidonda."

"Nikinywa nitakojoa. Kule nilikotoka nilipiga kengele bila mtu kuja, mpaka nikaloa. Mimi si mtoto, binti!"

"Hapa ukipiga, nitakuja mwenyewe. Hata iweje."

"Hee! Wote husema hivyo."

"Basi nijaribu."

Borghild akanywa glasi nzima huku amemkazia macho.

Jioni zamu ikaisha. Torunn alishavaa koti. Feri ya mwisho ya kisiwani kwao ilikuwa ikipiga honi, na mumewe alimsubiri nyumbani na keki, maana ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Torunn. Kengele ya Borghild ikalia.

"Wewe nenda, nitamwona mimi," mwenzake akasema.

Torunn akavua koti. Alipokuwa akimkalisha bibi chooni, kupitia dirisha feri ilionekana ikiondoka.

"Kumbe umekuja kweli," Borghild akasema. "Haya, nikimaliza nipe glasi nyingine."