Sauti Isiyo na Risiti

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, wakubwa wa ukumbi wa muziki walimfuta mke wangu. Kuzikwa alikuwa ameshazikwa, mwaka mmoja nyuma, na hilo nililipokea. Kazi ya Mungu haina makosa. Hili la pili ni kazi ya watu.

Mke wangu alikuwa mwimbaji. Uvimbe ulipomshika kooni, daktari akasema wakikata, sauti itakwenda nao. Mdogo wake, fundi wa studio pale ukumbini, tunamwita Waya, akamweka mbele ya maiki. "Dada, niimbie 'aaa', toka chini mpaka juu, moja moja." Akazipanga sauti zote kwenye kinanda cha ndani ya kompyuta, programu ya bure. Ukibonyeza, mke wangu anaimba.

Baada ya upasuaji akawa anaimba kwa vidole. Siku ya kwanza alinibonyezea nikiwa nawamba kiti cha mteja, misumari mdomoni. Nusura niimeze. Alicheka bila mlio mpaka machozi yakamtoka.

Alipofariki, ikawa kila nikifunga kazi napitia ukumbini. Waya ananibonyezea kidogo, naenda zangu nyumbani.

Akaja meneja mpya. Akasema programu za bure zinaleta virusi na kesi. Hakumuuliza Waya. Akaleta watu wake, wakafuta kwenye kompyuta kila kisicho na risiti ya kununuliwa.

Nilimfuata ofisini.

"Mzee wangu, ile ilikuwa programu tu."

"Ilikuwa mke wangu."

"Basi mngekuwa na risiti."

"Nilimtolea mahari. Risiti ipi tena?"

Akatazama simu yake. Mimi niliishia darasa la nne, yeye ana vyeti ukuta mzima, na vyote havikumfundisha kuuliza kabla ya kufuta.

Waya nilimkuta kakaa sakafuni. Diski aliyowekea nakala ilishakufa.

"Lakini shemeji, dada alitaka itoke bure, watu waimbe naye. Niliwapa wanamuziki kwenye kundi letu la mtandaoni. Waliichukua wengi."

"Si tuichukue na sisi?"

"Walikuwa wanaichukulia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya ukumbi. Nayo wameifuta. Labda mtu anayo kwake."

Akafungua kundi, akanisomea. Wale watu wana njaa ya vinanda vya bure sijapata kuona. Kuna kipya? Kipi chepesi? Hiki cha juzi kimeshanichosha, niweke kipi? Waya akaulizia ile ya dada yake.

Mmoja akajibu, "Ile ya mama wa aaa? Tamu sana. Niliifuta nipate nafasi."

Mwingine, "Nami pia. Mtatoa mpya lini?"

Waya akanisomea yote mawili. Nikamwambia, "Mjibu. Mwambie aliyekuwa anaitoa yuko kaburini."

"Shemeji, hawana kosa."

"Najua. Andika tu."

Hakuandika hilo. Akaniambia niseme ninachotaka, aandike kama nilivyosema, asiongeze neno. Nikasema. Imepita miezi sasa. Chini yake wanaendelea kuulizia vinanda vipya, na kila jioni Waya ananifungulia nitazame mwenyewe. Maneno yangu yako pale pale:

"Mimi ni mume wake. Kuna yeyote kati yenu ambaye bado hajamfuta?"