Jino la Mjane wa Zabuloni

Kila mwaka, mkutano wa uamsho unapofanyika huku kwetu Kigezi, wanawake humwomba bibi Eseri afungue kinywa. Naye hufungua. Wanalichungulia pengo la jino la mbele, wanatikisa vichwa, wanasema, "Bwana asifiwe! Kumbe ni kweli." Wengine wametoka Rwanda kwa miguu kuja kuliona. Marehemu mumewe, mhubiri Zabuloni Kabuteera, ana kanisa lenye jina lake, shule yenye jina lake, na kaburi lililosakafiwa vizuri kuliko nyumba aliyoishi. Lakini kilichompa sifa hasa ni hilo pengo. Alilihubiri mpaka Bukoba: jinsi alivyokuwa mlevi, jinsi alivyompiga mkewe akamng'oa jino, na jinsi Yesu alivyomgeuza akawa mwana-kondoo.

Shida ni moja tu. Jino lile liling'olewa na muwa.

Jamani, Zabuloni hakuwahi kumpiga mtu! Hata pombe ya mtama ilikuwa ikimsokota tumbo, akainusa tu akaiacha. Mwenye mkono mwepesi alikuwa Eseri. Alikuwa akimtandika kwa mwiko wa ugali, kwa bidii kabisa, na mwenzake husema tu, "Basi, mama, basi."

Uamsho ulipoingia kijijini, kila mtu akaanza kuweka dhambi zake nuruni. Huyu karudisha jembe la wizi, yule kamtaja hawara mbele ya mkewe. Zabuloni hana la kusema. Ndugu wakamkazia macho. "Asiye na dhambi ya kutoa ameificha, Zabuloni. Itoe!" Eseri alikuwa ameshasimama aseme habari za mwiko. Mumewe akamtangulia. "Nampiga mke wangu!" akalia. Angesemaje mbele ya wanaume wenzake kwamba yeye ndiye anayepigwa? Watu wote wakamgeukia mke, wakingoja lile neno ambalo mke hutamka. Akalitamka: "Nimekusamehe." Nyimbo zikapaa, wakakumbatiwa, uongo ukaota miguu, na pengo la muwa likageuka ushahidi.

Nyumbani alimwuliza, "Wewe bwana, una wazimu?"

"Si umeona walivyofurahi?" Zabuloni akajibu.

Eseri hakumpiga tena tangu siku hiyo. Dhambi yake alikuwa ameshanyang'anywa, na msamaha wake hakuupata. Hayo angezikwa nayo, lau si mjukuu wake Kyarisiima.

Mwaka huu Kyarisiima alirudi kwa bibi yake, jicho limevimba hata halifunguki. Mumewe, Erisa, fundi wa baiskeli, ni mpigaji wa kweli, si wa mahubiri. Wazee wa kanisa wakaja na maneno yao matamu, Kasisi Bagorogoza akiwa mbele.

"Vumilia, binti. Bibi yako angekimbia, leo tungekuwa na Zabuloni?"

Walipoondoka, msichana akaanza kukunja nguo zake. "Pengine na mimi nitajaliwa, Bibi, Erisa ageuke kama Babu."

"Utajaliwa jeneza!" Eseri akafoka, kisha aibu ikamshika. Ni wanawake wangapi walichungulia kinywani mwake halafu wakarudi kwenye vipigo?

Basi siku ya mkutano akapanda jukwaani, akakishika kipaza sauti. "Zabuloni hakunipiga hata kofi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpiga. Jino hili liliondoka na muwa. Kyarisiima, mwanangu, usirudi kwa yule mtu!"

Kasisi Bagorogoza akatoa leso, akafuta machozi. "Mmesikia, ndugu zangu? Mpaka leo anamsitiri mumewe! Anajitwika dhambi yake!"

"Haleluya!" uwanja ukaitika.

"Nasema nilimpiga!"

"Unyenyekevu ulioje!" akalia mama mmoja mstari wa mbele.

"Unyenyekevu gani, wewe mwanamke? Kwa mwiko!"

Wakazidi kulia. Ndipo Erisa, ambaye hakulaza damu, akajipenyeza mpaka mbele, akapiga magoti. "Nimempiga mke wangu! Namrudia Bwana!" Uwanja mzima ukamgeukia Kyarisiima. Wimbo ulikuwa umeshawafika kooni. Msichana akafungua kinywa.

Eseri akampokonya Kasisi mwavuli wake.

Pigo la kwanza lilimpata Erisa begani, na alipoinuka akimbie likaja lingine la matakoni. Bibi alipiga bila haraka, akigeuza kiwiko, kama mtu atwangaye mtama. Hata maneno yake yalikuwa tayari mdomoni: "Simama vizuri! Usinichoshe! Nani kakwambia uende?" Mzee mmoja aliyekuwa jirani yao zamani akainuka taratibu.

"Sauti hiyo naijua," akasema. "Kila jioni nilikuwa naisikia. Nikidhani anafukuza mbuzi."

Hapo hakuna aliyelia tena. Kasisi alitazama mwavuli wake uliopinda, akatazama upande lilipo kanisa la Zabuloni, akaketi. Erisa alikuwa ameshaufikia ukingo wa uwanja, kiatu kimoja kimebaki jukwaani.

Eseri akakirudia kipaza sauti, anahema. "Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nimeitoa. Sasa nisameheni mimi."

Watu wakaangalia chini. Wimbo wa hapo hawakuwa nao.

"Nimekusamehe, Bibi," alisema Kyarisiima, peke yake.