Moto Hauziui

Kopo lilikuwa zuri, la bati nene. Lugembe alilileta likiwa tupu kutoka kwenye josho la ng'ombe alikofanya kazi, na mama yake akalipenda papo hapo. Kwao Puge chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji, hufukizwa. Basi mama huyo akatia makaa, akalitikisa mpaka likafuka moshi, akayamwaga, akakamulia humo.

Bertila, mke wa Lugembe, alikuwa akikaa Cheyo, mjini Tabora, kwa dada yake, ili asome darasa la jioni. Siku hiyo alikuwa amemleta mwanawe Mayala kwa bibi yake, mama wa Lugembe. Bibi alipoinamisha kopo ajaze kata ya mjukuu, Bertila akaona kwenye mshono unga mweupe, kiasi cha punje ya mchele.

"Mama, ngoja kwanza. Humu mlikuwa na aseniki, dawa ya kupe."

"Ilikuwamo. Moto umeshaila."

Bertila akachutama, akaandika mchangani kwa kijiti, kama mwalimu Wenceslaus alivyowafundisha jioni darasani. Sehemu ya hamsini ya gramu. Gawanya kwa mia moja tisini na nane, uzito wa aseniki mbili na oksijeni tatu zilizoshikana. Zidisha kwa sita yenye sifuri ishirini na tatu, idadi ya chembe katika uzito huo, kisha mara mbili, maana kila chembe ina aseniki mbili. Akapata kumi na mbili, na nyuma yake sifuri kumi na tisa.

"Hizi ni atomu za aseniki zilizobaki hapo tu, mama. Moto hauziui hata moja. Ni sumu ile ile."

Jirani yao Jilala, aliyekuja kuazima shoka, akaangua kicheko. "Mkweo wa mjini anahesabu visivyoonekana! Mama Lugembe, unaambiwa unalisha wajukuu sumu, nawe umenyamaza?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika nyumba zile mwenye kukaribisha huonja kwanza, kuonyesha mkono wake hauna ubaya. Lakini aliyetajiwa sumu mbele ya jirani haonji, humaliza.

"Sikukusema wewe, mama! Ni kopo!"

Bertila aliidaka kata. Bibi alikuwa ameshaliinua kopo lenyewe. Akanywa mpaka maziwa yakamchuruzika kifuani, akaliweka chini.

"Haya, hesabu tena."

Jua halijafika utosini akaanza kutapika. Jilala, kicheko kimemkauka, akatimua mbio kwenda kumwita Lugembe. Bertila akampa mama mkwe maji, hayakukaa. Mayala naye akatambaa kumwendea bibi yake, mikono juu, akitaka kubebwa. Bibi akamsukuma kwa mguu usio na nguvu.

"Mwondoe, mwanangu. Kanga yangu ina maziwa. Atailamba."

Bertila akampakata mtoto, akampa titi, na kwa mkono mwingine akaushika wa mama mkwe. Lugembe alipofika na baiskeli ya kumpeleka hospitali, mkono ule ulikuwa umeshapoa. Mayala alikuwa bado ananyonya.