Siku Ofisi Ilipokabidhiwa Watoto

Mtoto wa Saminah aliumwa na maji moto, wale chungu wakali wa mitini, mwezi wa Machi, mwaka wa pili tangu Waholanzi waikabidhi Indonesia kwa wenyewe, mashamba wakabaki nayo. Mama yake alikuwa amemlaza kikapuni chini ya mti wa mpira, kama walivyofanya wanawake wote wa shamba la Batu Lintang, akaenda kugema miti mia tatu aliyopangiwa. Kilio kilipomfikia alikuwa mbali. Aliporudi mbio, uso wa mtoto ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani.

Tukinem, aliyekuwa akigema mstari wa jirani, ndiye aliyembeba mtoto hadi kijitoni, akamwosha na kumbandua wale wadudu mmoja mmoja. Mtoto alipona baada ya siku nne. Lakini mnyapara alimwandika Saminah mtoro, kwa kuwa miti mia na ushei ilikuwa haijaguswa.

Tukinem alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mfupi, kucha zake nyeusi kwa utomvu uliokaukia humo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wanawe wote wanne walikulia vikapuni, na kitinda mimba, Ponirin, alikuwa bado ananyonya. Jambo la Saminah lilimkwama kama mwiba wa samaki kooni.

Jumapili iliyofuata chama cha wafanyakazi kilikutana nyuma ya kambi. Kutoka Medan alikuja Ndugu Parluhutan, kijana wa Kibatak mwenye miwani mizito, katibu wa wafanyakazi wa mashamba na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Alizungumza saa nzima. Alisema ukoloni umetolewa mlangoni ukaingilia dirishani, na sasa umekaa jikoni unapakua. Watu walimpenda. Kisha akasoma madai kumi ambayo kamati ingempelekea meneja: mchele usio na mawe, nguo za kazi, saa za kupumzika na mengineyo. Akauliza kama kuna mwenye neno. Tukinem akasimama.

"Ndugu, hayo kumi yote ni ya kweli. Nyumba ya kulelea watoto ni namba ngapi?"

Wanaume wakacheka. Kartono, mwenyekiti wa tawi, akamwambia, "Hayo ya nyumbani, dada. Hapa tunapigana na mabeberu."

"Na maji moto nao ni nani?" akauliza Tukinem. "Wewe kaka umewahi kugema huku sikio moja umeliacha kikapuni?"

Kicheko kikahama, sasa wanawake ndio waliocheka. Parluhutan alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaandika dai la kumi na moja bila kumuuliza mwenyekiti.

Wakagoma siku sita. Siku ya saba meneja, Bwana Hoekstra, akaita kamati na kukubali madai saba. La watoto alilikataa kabisa. Alisema kampuni imeajiri mikono ya kugema, haikuajiri vinywa vya kunyonya. Watu wakarudi kazini, ikabaki kutia saini tu. Sarpin, mume wa Tukinem, alikuwa mjumbe wa kamati, naye ndiye aliyeleta habari nyumbani walipokuwa wakila wali na samaki mkavu.

"Tumepata saba, mke wangu. Si haba. Hilo lenu litakuja mwakani."

Tukinem alimaliza wali wake, akaosha sahani, akaenda kwa Saminah. Kutoka kwa Saminah akaenda mlango wa pili, na wa tatu, hadi akaimaliza kambi.

Jumatatu alfajiri wanawake waliitwa majina, wakaitika kama kawaida, wakachukua ndoo na visu vyao. Ila badala ya kushika njia ya miti, walizunguka kupitia ofisi ya meneja. Ofisi ile ilikuwa na baraza refu la mbao zilizopigwa nta hata zinang'aa. Wakatandika mikeka, wakawalaza watoto wao. Tukinem alimlaza Ponirin wa kwanza. Walipomaliza, watoto walikuwa arobaini na mmoja.

Karani Zainuddin akatoka na kikombe cha kahawa mkononi, akasimama pale pale.

"Dada Tukinem, hiki ni nini?"

"Watoto, karani. Bwana mkubwa aliajiri mikono, na mikono hiyo inakwenda kazini. Kilichobaki tumemletea mwenyewe."

"Sasa nani atawaangalia?"

"Wewe umesoma," akasema Tukinem. "Hutashindwa."

Wakaenda zao. Asubuhi hiyo hakuna mti ulioachwa wala mkato uliokosewa. Lakini ilipofika saa mbili maziwa yalimjaa Tukinem, yakalowesha blauzi. Mara mbili aliweka ndoo chini ili akimbie ofisini, na mara mbili akaiokota. Saminah alikuja akikatiza kati ya miti, macho mekundu, akamuuliza kama si afadhali warudi.

"Tumalize mistari yetu," Tukinem alimwambia. "Tukirudi sasa, watasema tumeacha kazi."

Yaliyotokea ofisini walisimuliwa na mfagizi. Mtoto mmoja alianza kulia, akawaamsha wengine, hadi simu ikawa haisikiki. Bwana Hoekstra akafika, akatazama baraza lake, akapiga simu polisi kwa kupiga makelele. Akaja sajenti kutoka Tebing Tinggi, mtu aliyepigana msituni wakati wa vita vya uhuru. Meneja akamwambia awakamate wanawake wale. Sajenti akauliza wako wapi. Akajibiwa wako kazini. Akauliza ni nani aliyegoma. Hakuna.

"Basi, bwana," akasema sajenti, "sheria ya kumkamata mtu kwa kwenda kazini sijafundishwa."

Zainuddin wakati huo alikuwa amempakata binti mmoja aliyemlowesha shati na kulala begani mwake, akawa haketi wala hasogei asije akamwamsha. Wanaume wa kiwanda cha shamba walitoka kuchungulia, Sarpin akiwa miongoni mwao. Alimwona Ponirin analia kwenye mkeka. Mfagizi alisema Sarpin alipanda ngazi, akamwokota mwanawe, akamwambia meneja kwamba kamati haitasaini karatasi isiyo na dai la kumi na moja. Kartono alikuwa nyuma yake. Akakohoa, akaitikia kwa kichwa.

Saa tano wanawake wakarudi na ndoo zimejaa. Walipimiwa utomvu wao mmoja baada ya mwingine, ndipo wakaenda kuketi kwenye ngazi za bwana mkubwa wakanyonyesha.

Siku mbili baadaye meneja alikubali. Ghala la zamani la kando ya kijito likawa nyumba ya watoto, wakaajiriwa bibi wawili wa kuwalea, na mama anyonyeshaye akaruhusiwa kwenda kwa mwanawe kila siku saa tatu asubuhi bila kuandikwa mtoro. Parluhutan alirudi kwa ajili ya kutia saini, akashikilia kwamba Tukinem naye aweke jina lake. Zainuddin, bila kuambiwa, akamsogezea kidau cha wino wa dole gumba.

Tukinem alikitazama. Mama yake, kule Java, aliweka dole gumba kwenye karatasi ya mkataba wa kazi asiyoweza kuisoma, akaambiwa ni miaka mitatu tu. Alizikwa hapa Batu Lintang.

"Nipe kalamu," akasema.

Mwaka mzima alikuwa akijifunza herufi kila Alhamisi kwenye darasa la chama cha wafanyakazi, na hakuwahi kuandika mbele ya mwanamume. Akainama. Alianza na T, akaenda polepole kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. K ilikaa upande. Bwana Hoekstra akatazama saa yake.

"Anaandika, bwana," akasema Parluhutan. "Tungoje."

Wakangoja. Herufi saba.

Nje, Parluhutan alimwambia Chama cha Kikomunisti kinahitaji watu kama yeye, akampa karatasi ya kujiunga. Tukinem aliikunja vizuri. Alimwambia ataisoma kwanza mwenyewe, hata yale maandishi madogo ya chini, kisha atamjibu.

Akamfunga Ponirin kwa mbeleko, akashika njia ya kambi. Barabara ile wafanyakazi walizoea kuipita pembeni, kwa kuwa katikati palikuwa pa gari la meneja. Tukinem alipita katikati, taratibu, na wanawake waliokuwa wakimngoja wakaja kutembea naye wameijaza yote.