Kamera ya Wifi

Kabla ya ile kamera, aliyekuwa akisifiwa nyumbani kwa mama mkwe ni mimi. Nilikuwa nikivusha watoto wa shule ya msingi kwa bendera nyekundu, madereva wakiniita Mama Bendera, na mama mkwe alinitaja hata kwa watu ambao hawajauliza.

Kisha wifi yangu, mhandisi wa halmashauri, akaleta kamera ya kupima mwendo wa magari. Ikafungwa juu ya nguzo, karibu kabisa na kivuko changu, kwa majaribio. Kuanzia siku hiyo mama mkwe hakuwa na habari nyingine. "Mwanangu ameleta jicho lisilolala!" Jicho! Na mimi niliyeungua na jua miaka yote hiyo nilikuwa nini, kope?

Roho iliniuma, sifichi. Wifi ana digrii, ana gari, ana kiuno. Alishindwa nini kuniachia barabara?

Nikaamua kamera hiyo isinase mtu. Chombo kisichonasa kina kazi gani? Wangeing'oa wenyewe. Basi kila asubuhi, kabla watoto hawajaanza kuja, nikawa nasimama kule konani ambako dereva bado hajaiona nguzo. "Punguza, kaka! Kamera hiyo mbele!" Wakakanyaga breki, wakanipungia mkono, wengine wakanirushia mabusu. Wakazoea, hata nikirudi kivukoni walikuwa wakija taratibu. Mvua haikunitoa. Wifi akipita, namchekea mpaka jino la mwisho.

Majaribio yalipoisha, wifi akatuita sote kwa mama mkwe. Nilivaa nikapendeza.

"Haya, imenasa wangapi?" nikauliza kabla hajakaa.

"Siku hizi hainasi hata mmoja, wifi."

"Pole jamani," nikasema, moyoni nikicheza. "Wanaing'oa lini?"

Akanishangaa. "Waing'oe kwa nini? Hatukuiweka ili inase watu, tuliiweka ili wapunguze mwendo. Na wamepunguza! Hakuna mtoto aliyegongwa, wala aliyekoswakoswa. Halmashauri imesema ibaki, na nyingine zinakuja."

Mama mkwe akamkumbatia bintiye, machozi yakimtoka. "Mwanangu ameokoa watoto wa watu!"

Ni mimi, nilitaka kusema. Ni mimi niliyewapunguza mwendo, kwa mkono huu na sauti hii iliyokauka. Lakini wangeniuliza nilifuata nini kule konani, na jibu lake lilikuwa kijicho kitupu.

"Na wewe, mkwe wangu," mama mkwe akanigeukia. "Mpongeze wifi yako!"

Nikavuta pumzi, nikapiga vigelegele kuliko wote.