Bahari Iliyojua Mpaka

Ijumaa saa tisa alasiri, Persis alikuwa Manga, jikoni kwa marehemu mama yake, akidondosha dawa ndani ya kichupa cha maji ya chumvi huku akihesabu. Tone la nane liliyageuza maji kutoka buluu hadi manjano. Akaandika nane, kipimo cha alkali kinachotakiwa. Akapima chumvi, ikawa thelathini na tano kwa kila elfu. Akapima joto, likawa ishirini na tano. Ndani ya tangi la kioo matumbawe yake laini yalikuwa yamekunjuka vizuri, mengine yamenyoosha vidole, mengine yametanda kama chapati. Kwa hiyo saa tisa na nusu bahari ilitoka tangini, ikapita mlangoni, ikashuka shambani.

Ilikuwa ikifanya hivyo tangu Machi. Tangi alipewa na daktari wa meno wa mjini Kisii, aliyemwajiri miaka tisa kuyatunza maji hayo pale wagonjwa wanapongojea zamu, kisha akahamia Nairobi. Persis alilipandisha mlimani Manga kwa pikapu, akalijaza maji ya mvua aliyoyachuja, kwa kuwa maji ya chemchemi hupitia kwanza kwenye mbolea ya chai za watu. Maji yalipokaa sawa, bahari ikatoka. Ilifika magotini, ikafunika kipande kimoja cha chai, robo tatu ya ekari, ikasimama hapo. Haikuvuka hata unyayo mmoja.

Kipande hicho ndicho kilichokuwa mzozo. Mwaka mmoja kabla hajafa, baba yake, Mzee Manasseh, alimtembeza Persis mpakani, jiwe kwa jiwe, akamwambia hiki ni chako, uolewe usiolewe. Hakuandika popote. Alipozikwa, kaka mtu, Haron, alishughulikia hati, na hati ikakimeza kipande, mawe yakang'olewa. Haron si mtu mbaya. Anasali, anatoa zaka, na anaamini kwa moyo mweupe kwamba binti ni mgeni kwa baba yake. Heri mwizi, maana mwizi angalau anajua alichochukua.

Sasa bahari ilikuwa ikiuchora mpaka uleule kwa povu, mara mbili kwa siku. Wachumaji walikunja sketi wakaendelea na kazi. Kwenye kituo cha kupimia majani chai walilalamika mara moja juu ya maji kuzidisha uzito, kisha wakazoea. Wazee wa ukoo walitangaza kwamba Jumatano watakuja kujionea, waamue. Persis aliingoja siku hiyo kwa hamu iliyomkosesha usingizi.

Jumamosi, siku ya Sabato, akaenda kanisani, akamwacha nyumbani shangazi yake, Drusilla, ambaye mguu ulikuwa unamsumbua. Drusilla ni Mkisii wa kweli. Mgeni hapiti kwake bila kutia kitu tumboni. Aliyatazama matumbawe yakifumba na kufumbua, akakumbuka kwamba tangu Machi hakuna aliyeyaandalia chochote, akaona haya kwa niaba ya boma zima. Akachukua uji wa wimbi uliopikwa Ijumaa, maana Sabato hawapiki, akamimina birika lote.

Persis aliporudi, maji yalikuwa ya hudhurungi na matumbawe yamesinyaa kama ubani uliotafunwa. Saa ya maji kujaa ilifika, bahari isitoke. Kipimo cha fosfati, uchafu wa chakula kinachooza, kiligeuka buluu nzito ambayo hata karatasi ya maelekezo haikuwa nayo.

"Walikuwa na njaa, mwanangu," Drusilla alisema. "Mmoja alinishika kidole."

Persis alienda nyuma ya jiko akalia kidogo. Kisha akarudi, akamshukuru shangazi kwa ukarimu wake, akangoja jua lizame Sabato iishe, ndipo akakoroga chumvi.

Jumapili Haron alikuja, akakitazama kipande kikavu, akatoa pole. Ilikuwa pole ya kweli. Akamshauri amwage maji yote atie mapya, yaishe mara moja. Persis alishawishika. Lakini alijua kwamba tumbawe huuawa na mabadiliko ya ghafla upesi kuliko uchafu, na kwamba haya laini hunyong'onyea hata maji yakiwa safi kupita kiasi. Akabadilisha fungu moja la kumi asubuhi na fungu moja la kumi jioni, chumvi ikiwa imekorogwa tangu jana yake na maji yamepashwa. Akaweka mkaa wa kuchujia. Akahesabu matone: saba, saba, nane. Jumatano asubuhi tumbawe kubwa lilikuwa bado limejifunga, ngozi yake inang'aa kama nta. Saa sita ngozi ile ikabanduka, ikaelea, na chini yake vidole vikachomoza vipya kabisa.

Wazee walipangiwa viti kandokando ya chai. Saa nane na dakika ishirini bahari ikaja. Mwenyekiti wao, Mzee Onsongo, aliinua miguu maji yapite. Kisha akavua viatu, akaufuata ukingo wa maji kwa fimbo yake, na kila mahali lilipowahi kuwa jiwe fimbo ilizama ndani ya shimo.

"Huu ni mpaka wa Manasseh," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwepo akimwonyesha mtoto."

Haron hakubisha. Wazee wakanong'onezana. Ndipo Onsongo akatangaza kwamba bahari imesema kweli, lakini hati ni hati, na binti ni binti. Wakafunga kwa sala, wakala, wakaenda zao.

Hukumu iliuma, na Persis hakuficha. Lakini alipogeuka, maji yalikuwa bado pale, yametulia, yamejaa hadi mahali baba yake alipoishia, na wazee wote wameona. Furaha ikampanda akacheka peke yake. Alichukua kisu kikali, akayakata matumbawe vipande vipande kama mtu anayekata miche ya viazi vitamu, akafunga kila kipande kwenye jiwe lake, akayatumbukiza mawe hayo katika mashimo yote ya mpaka. Kufikia Agosti matumbawe yalikuwa yamefika kiunoni, ya zambarau na ya kijani. Likizo, wanafunzi wa Nyaramba na Birongo walikuja kwa miguu kuyaona, na Persis akawafundisha kuhesabu matone.

Shamba lingali la Haron. Hati ina jina lake na muhuri, na bonasi ya chai huingia kwenye akaunti yake. Siku za kuchuma Haron hufika mapema na kikapu mgongoni, husimama nje ya matumbawe, na huita kwa adabu:

"Dada, leo maji yatarudi tangini saa ngapi?"

Persis humwambia. Naye husubiri.